Nilikagua Kila Mahali Isipokuwa Kazi Yangu

Leo sina mahubiri marefu. Nataka nikuambie jambo lililonipata ziwani, na nakuomba unisome hadi mwisho hata kama hujawahi kushika spana.

Wengi wenu mnanijua kwa madhabahu ya hapa Asumbi. Wachache wanajua kwamba kabla ya chuo cha Biblia nilikaa miaka miwili ufuoni Homa Bay nikimshikia spana fundi wa injini za boti. Ndiyo maana mdogo wangu, mvuvi wa kule Mbita, injini yake ikisumbua hunipigia mimi kwanza. Bei yangu ni nafuu: samaki wawili na chai.

Safari hii aliniambia oili ya gia imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Ukiona hivyo, sili zimechoka na maji yanaingia kwenye gia. Ijumaa nikashuka kupitia Rodi Kopany hadi Homa Bay, nikapanda matatu ya Mbita. Jumamosi nikaushusha mguu wa injini, yaani ile sehemu ya chini yenye gia na propela, nikabadilisha sili na kuweka oili mpya. Pampu ya maji hukaa juu ya mguu huo huo, kwa hiyo nikaitia impela mpya pia, kile kijigurudumu cha mpira kinachosukuma maji. Giza likaingia. Kesho yake tulikuwa na ibada kisiwani Takawiri, basi nikainua mguu kuurudisha kwa mwanga wa simu. Mara ya kwanza haukukaa sawasawa. Nikausukuma kwa goti, ukaingia, nikakaza bolti.

Kumbuka hilo goti.

Asubuhi tulipanda watu 11, pamoja na mama mmoja mwenye mtoto mchanga. Tulipokuwa tukiondoka, kijana wa mdogo wangu, mwenye miaka 13, alikuwa ameketi nyuma karibu na injini. Akasema, "Baba mkubwa, mbona inakojoa kidogo?"

Kama hujui lugha ya ufuoni: ubavuni mwa injini kuna kitundu kinachotema uzi wa maji, na wavuvi husema injini inakojoa. Uzi ukiwa na nguvu, ni dalili kwamba maji yanapanda juu na kupoza injini. Ukiwa dhaifu, usiondoke. Mtoto yule aliona. Mimi nikamjibu, "Impela ni mpya, itazoea." Hakuna impela inayozoea, mpendwa. Nilisema tu kwa sababu nilikuwa mkubwa na yeye ni mtoto.

Tulipokwenda polepole hakuna aliyehisi kitu. Tulipoongeza mwendo, baada ya kama robo saa, ikaja harufu ya rangi inayoungua. Sauti ya injini ikawa nzito, mvuke ukatoka chini ya kifuniko, ikazima. Upepo ulikuwa ukitoka nchi kavu, ukitusukuma ndani zaidi ya ziwa. Mdogo wangu akatupa nanga, akaangalia kama kila mtu amefunga jaketi yake ya kuokolea. Mtu mmoja akachota maji kwa ndoo ayamwage juu ya injini, tukamzuia, maana chuma chenye moto kikipigwa na maji baridi kinaweza kupasuka. Fikiria: Nam Lolwe ina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800, na injini yangu ilikuwa inakufa kwa kiu katikati yake.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo limenileta kwenye ukurasa huu. Nilimgeukia mdogo wangu mbele ya abiria wote nikasema, "Wewe umekosea kuchanganya oili." Injini ile ni ya mipigo miwili, oili yake huchanganywa na petroli, na oili ikipungua injini hupata moto. Kwa hiyo neno langu lilionekana la kitaalamu. Hakunijibu. Alichukua kasia. Yule mama akamtazama kwa jicho ambalo sitalisahau, kama mtu anayemtazama aliyetaka kumuua mwanawe.

Boti ya omena ikatuvuta hadi ufuoni. Nikaanza ukaguzi, na utaona jinsi nilivyozunguka. Kwanza mchanganyiko: mdogo wangu alikuwa ametia mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli, hamsini kwa moja, sawasawa kabisa. Hilo pekee lilitosha kunifanya nimwombe radhi, lakini nilinyamaza. Nikatazama matundu ya kuvutia maji karibu na propela nikitafuta magugu au mfuko wa plastiki. Safi. Nikatoa themostati, shemeji akaichemshia maji kwenye sufuria. Maji yalipopata moto ikafunguka vizuri. Nikaanza kusema habari za gasketi ya kichwa. Nilikuwa tayari kufungua injini yote.

Kijana akauliza tena, kwa sauti ndogo, "Baba mkubwa, si jana ulifungua kule chini?"

Nikaushusha mguu. Impela ilikuwa nzima, haina mkwaruzo. Lakini kuna bomba jembamba linaloshuka kutoka juu, ambalo lazima liingie kwenye mpira wa pampu wakati huo huo shafti inapoingia mahali pake. Huwezi kuliona ukishafunga. Bomba lile halikuwa limeingia. Lilikuwa limepita pembeni na kupinda ncha, na mpira wake umesukumwa kando. Pampu ilikuwa inafanya kazi kwa bidii yote, na karibu maji yote yalimwagika ndani ya mguu bila kufika kichwani. Yaliyopanda yalitosha kukojoa kidogo tu. Pale pale kwenye goti langu.

Tulinyoosha ncha, tukaupaka mpira grisi, tukainua polepole, mdogo wangu akizungusha gurudumu la juu kidogo kidogo kwa upande wake wa kawaida ili shafti ijipate yenyewe, na kijana akimulika bomba. Hakuna goti. Tukaijaribu majini kandokando ya ufuo, boti ikiwa imefungwa. Uzi ukatoka wa nguvu, na baada ya dakika 15 niliweza kushika kichwa cha injini kwa kiganja bila kuungua.

Kumwomba mdogo wangu msamaha tukiwa wawili kulikuwa rahisi. Lakini nilikuwa nimemshtaki mbele ya watu. Kwa hiyo Jumapili iliyofuata nilirudi Mbita, na kabla boti haijaondoka nikasimama nikawaambia abiria kwamba oili ilikuwa sawa, kosa lilikuwa la fundi, na fundi ni mimi. Yule mama alikuwepo. Alimsogelea mdogo wangu akampa mtoto amshike ili naye apande.

Mdogo wangu alinitazama, akacheka. "Omera," akasema, "leo samaki ni mmoja."