Neno Nililoliacha



Miaka kadhaa iliyopita niliandika katika ukurasa huu makala kuhusu habbasoda. Nilikuwa nimesoma habari za uchunguzi wa madaktari wa Saudi Arabia uliochapishwa mwaka 2010. Moyo ulinijaa furaha, kwani hadithi ya habbasoda iliyomo katika Sahihi Bukhari nimeihifadhi tangu nikiwa mtoto wa chuoni. Nikaandika kwa shauku kwamba uchunguzi umethibitisha habbasoda hushusha sukari ya damu.

Miezi miwili baadaye, baada ya swala ya Alasiri, alinijia kijana mmoja wa mtaani. Mamake alikuwa amelazwa hospitalini. Sukari ilimpanda hadi akapoteza fahamu. "Sheikh," akaniambia kwa adabu, macho yake chini, "mama aliikata makala yako akaibandika ukutani jikoni. Tangu siku hiyo hakumeza kidonge tena. Tukimuuliza hutujibu, sheikh ameandika."

Alhamdulillahi, mama yule alipona. Lakini usiku ule mimi sikupata usingizi. Niliutafuta tena uchunguzi ule, na safari hii nikausoma kwa utulivu, binti yangu ambaye ni muuguzi akinisaidia.

Wagonjwa walikuwa 94, wote wenye kisukari cha aina ya pili. Waligawanywa makundi matatu, wakapewa habbasoda gramu 1, 2 au 3 kwa siku kwa muda wa miezi 3. Waliopewa gramu 2 sukari yao ilishuka. Kuongeza hadi gramu 3 hakukuzidisha faida. Na wagonjwa hao walikuwa wakiendelea na dawa zao za hospitali. Habbasoda iliongezwa juu ya dawa, haikushika mahali pake. "Pamoja na dawa zao": hilo ndilo neno nililoliacha.

Chuoni tulifunzwa kwamba mpokezi wa hadithi hatazamwi ukweli wake tu. Hutazamwa pia hifadhi yake, kwani mtu aweza kuwa mcha Mungu asiyesema uongo, na bado riwaya yake ikadhoofika kwa kuwa hakuidhibiti alivyoisikia. Sikuwadanganya, wasomaji wangu. Hifadhi ndiyo iliyonipungukia, na mwenye kuwapelekea watu habari za wataalamu naye ni mpokezi.

Tangu hapo, kabla sijaandika habari ya uchunguzi wowote, hujiuliza: Waliochunguzwa ni watu, au ni panya, au ni chembechembe katika chupa ya maabara? Walikuwa wangapi, na kwa muda gani? Walilinganishwa na nani? Walikuwa wakitumia nini kingine? Na neno "umethibitisha" nimeliweka mbali. Uchunguzi mmoja ni shahidi mmoja. Husema alichokiona, na twahitaji mashahidi wengine.

Nanyi akina mama, ndio wenye funguo za kabati la dawa nyumbani. Mkisoma makala ya tiba, hata iwe yangu, msiache kidonge kwa sababu yake. Ichukueni muende nayo kliniki, mumuulize daktari. Hadithi ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, haipungukiwi na hilo. Kinachohitaji kupimwa ni ufahamu wetu na kalamu zetu.

Mama yule alipotoka hospitalini nilikwenda kumwomba radhi. Alinikaribisha kahawa chungu, akacheka. "Sheikh, wewe uliandika, lakini vidonge niliviacha mimi mwenyewe," akasema. Kisha akatulia kidogo. "Ila ile karatasi niliwapa na majirani. Basi andika tena, na hilo neno uliandike."

Nimechelewa, mama. Leo nimeliandika.

Wabillahi tawfiq.