Chungu cha Ugenini

Mtu akiwa kwao haijui ladha ya chakula chake. Hula kila siku kama avutavyo hewa, na akiulizwa anapenda nini atataja biriani ya arusini na kuusahau mchuzi wa dengu uliomkuza. Ladha hujulikana pale mtu anapofika mahali ambapo haipatikani. Ndipo utakapomwona mtu mzima, mwenye elimu na kazi yake, akivuka mji mzima kwa sababu ameambiwa kuna duka linalouza bamia.

Mwaka 2018 nilikwenda Uswisi kumtembelea mdogo wangu wa kike, aliyeolewa na kuhamia Zürich. Alikuwa ameniagiza vitu vichache, na cha kwanza katika orodha kilikuwa chupa ya achari ya embe iliyotengenezwa na mama yetu huko Tanga. Niliifunga ndani ya kanzu mbili na ikafika salama. Siku ya tatu ya ziara yangu mdogo wangu alisema tusipike, twende tukale kwenye mkahawa mmoja wa Kinepali na Kitibeti anaoupenda. Tulipanda tramu, yeye, mimi na mwanawe wa miaka tisa. Baba yake mtoto, ambaye ni Mswisi, alikuwa kazini.

Humo katika tramu ndimo aliponieleza jambo ambalo hakuwa amelisema kwenye simu. “Kaka, nimechoka,” alisema. “Nikimsemesha kwa Kiswahili ananijibu kwa Kijerumani. Mwisho na mimi najikuta namjibu kwa Kijerumani. Nafikiri niache tu, nisimsumbue mtoto.”

Nikamwuliza, “Na mama akipiga simu?”

“Anamwambia ‘Shikamoo, bibi,’ halafu ananirudishia simu.”

Mtoto alikuwa akitazama dirishani kama asiyesikia, na mimi nilijua kuwa anasikia kila neno. Mama yetu alikuwa amekwisha kupita miaka sabini, na huyo ndiye mjukuu wake pekee wa ng'ambo. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini hawakusema mtu afanye nini akiwa peke yake katika kumkunja, mbali na shangazi, majirani na watoto wa mtaani ambao kwetu hufanya nusu ya kazi hiyo bila kuombwa.

Mkahawa wenyewe ulikuwa mdogo, wenye meza zipatazo kumi, si mbali na kituo kikuu cha garimoshi. Juu ya mlango yaliandikwa majina ya nchi mbili, Nepal na Tibet. Ndani vilitundikwa vibendera vya rangi tano, buluu, nyeupe, nyekundu, kijani na manjano, ambavyo Wabudha wa Tibet huvifunga kwenye kamba ili upepo uzichukue dua zilizochapwa juu yake. Ukutani palikuwa na picha ya Potala, lile jumba kubwa la Lhasa, na picha ya Dalai Lama iliyovishwa kitambaa cheupe cha heshima.

Mtoto ndiye aliyeuliza kwa Kijerumani swali ambalo sisi watu wazima tuliliona halina haja ya kuulizwa: kwa nini mkahawa mmoja una nchi mbili? Mwenye mkahawa, mtu wa makamo, hakulipuuza. Alisema wazazi wake walitoka Tibet baada ya uasi wa Lhasa wa Machi 1959, wakati Dalai Lama alipokimbilia India. Walivuka milima kwa miguu mpaka Nepal, na yeye akazaliwa huko katika makazi ya wakimbizi. Tibet hajapata kuiona kwa macho yake. Kwa hiyo, alisema, Tibet ni kwa wazazi wake na Nepal ni mahali alipozaliwa, na angeliliacha jina moja ingekuwa kama kumkana mzazi mmoja.

Msomaji atauliza, Watibeti wamefikaje Uswisi? Hadithi yao inafaa kujulikana. Makundi ya kwanza yalipokelewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1963 serikali ya Uswisi ilikubali kuwachukua wakimbizi elfu moja. Wengine walipata kazi katika kiwanda cha sufuria cha familia ya Kuhn kule Rikon, kijiji kilicho katika bonde la mto Töss. Wenye kiwanda waliona kuwa watu hao wanahitaji zaidi ya mshahara, wakasaidia kuanzisha taasisi ya watawa wa Kibudha iliyofunguliwa mwaka 1968, ili wazee wapate mahali pa kusali na watoto wapate mahali pa kujifunza. Leo jumuiya ya Watibeti wa Uswisi ni miongoni mwa zilizo kubwa kabisa nje ya bara la Asia.

Lakini upo upande wa pili wa hadithi hiyo. Kati ya mwaka 1961 na 1964, zaidi ya watoto 150 wa Kitibeti waliletwa Uswisi kwa juhudi za Mswisi mmoja, Charles Aeschimann, wakagawiwa katika familia za Kiswisi. Wengi hawakuwa yatima. Wazazi wao walikuwa hai huko India. Walilishwa vizuri na kusomeshwa vizuri. Wako waliokutana na mama zao baada ya miaka mingi, mama na mwana wakakaa wakitazamana, kwa sababu lugha iliyokuwa baina yao ilikuwa imekufa upande mmoja. Habari hizi nilizisoma baadaye, na kila nikizisoma humkumbuka yule mtoto anayesema “Shikamoo, bibi” na kurudisha simu.

Chakula kililetwa. Mdogo wangu na mwanawe walichukua momo, yaani vifuko vya unga vilivyojazwa na kupikwa kwa mvuke. Kule Tibet hujazwa nyama ya yaki, ng'ombe yule wa milimani mwenye manyoya marefu. Huko Kathmandu mara nyingi hujazwa nyama ya nyati-maji au ya kuku, kwa sababu Wahindu wa Nepal hawali ng'ombe. Sisi Waislamu tulikuwa na hesabu yetu ya kichinjo, tukaagiza za kabichi na karoti. Hivyo Mbudha, Mhindu na Mwislamu, kila mmoja akiwa na katazo lake, wangeweza kukaa kwenye meza ile ile na kukutana katika mboga na dengu. Pembeni palikuwa na kibakuli cha nyanya na pilipili zilizosagwa pamoja na punje za timur, kiungo cha milimani kinachoufanya ulimi ufe ganzi kidogo na midomo icheze.

Nilimwuliza mwenye mkahawa kuhusu shayiri, kwani niliona unga wake ukitajwa mara kadhaa katika orodha. Lhasa iko mita zipatazo 3,650 juu ya bahari. Katika urefu huo maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 90, na maharage yanaweza kukaa motoni nusu ya siku bila kuiva sawasawa. Kwa hiyo watu wa huko huikaanga shayiri kwanza, kisha huisaga, na unga huo, uitwao tsampa, hauhitaji kupikwa tena. Mtu huutia katika bakuli lake pamoja na chai, akaukanda kwa vidole na kufanya tonge. Chai yenyewe hutiwa chumvi na siagi, kisha husukwasukwa katika kinu kirefu cha mbao. Niliionja. Ukiinywa ukidhani ni chai utasikitika. Ukiinywa ukidhani ni supu, utaomba tena. Mzungu wa meza ya jirani aliiacha baada ya funda moja, naye nisingemlaumu, maana si kila siri ya baridi ya milima humfunukia mtu jioni moja.

Mimi nilikula dal bhat, na niseme kweli, nilijiona nimefika Tanga. Ni wali, mchuzi wa dengu, mboga za majani na achari, vyote katika sinia moja la chuma, na mwenyeji wangu aliponiona natafuta mahali pa kunawa mikono alicheka kwa furaha. Wageni wengi, alisema, hulila kwa uma.

Wakati huo jikoni palitoka bibi mmoja, mama yake mwenye mkahawa, pamoja na mjukuu wake wa miaka kama kumi na mmoja. Walikuwa na sinia la momo ambazo hazijapikwa, wakakaa meza ya pembeni kuzikunja. Bibi alikuwa akizungumza Kitibeti na msichana akimjibu kwa Kitibeti, kisha akamgeukia mwenetu na kumsemesha kwa Kijerumani cha Zürich, bila kigugumizi. Baba yake alitueleza kuwa kila mwisho wa juma humpeleka katika darasa la lugha la jumuiya yao, na kwamba msichana hulalamika kila mara kama watoto wote.

Msichana alimwuliza mwenetu, “Kwa lugha ya mama yako hii inaitwaje?” Alikuwa akionyesha bakuli la achari.

Mtoto alinyamaza kidogo. Akasema, “Achari.”

“Hata kwa Kinepali ni achar,” msichana akasema. Akaonyesha kikombe. Chai, kwa Kinepali chiya, kwa Kitibeti ja. Akaonyesha wali, dengu, maji, moto, mkono. Mtoto alijibu moja baada ya jingine. Palipokuwa na neno lisilofanana walicheka, na palipokuwa na linalofanana walicheka zaidi. Hawakujua kwamba neno chai limetembea kutoka China kwa njia za nchi kavu mpaka Uajemi na India, kisha likapanda jahazi mpaka pwani yetu. Ilitosha kwao kuwa neno la mmoja limekutwa mdomoni mwa mwingine.

Mdogo wangu aliacha kula. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba katika miaka yote ile hakuna mtoto mwenzake aliyewahi kumwuliza swali hilo. Nadhani hapo ndipo ulipokuwa uzito wenyewe. Mtoto alikuwa na maneno kibindoni. Hakuwa na soko la kuyapeleka. Nyumbani Kiswahili kilikuwa amri ya mama, na amri huchosha yule anayeitoa na yule anayeipokea. Pale mezani kiligeuka kuwa mali, kitu ambacho mwenzake alikitamani kukijua.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba tangu jioni hiyo mtoto aligeuka akawa malenga. Mpaka leo, kijana mkubwa sasa, akikasirika hukasirika kwa Kijerumani. Lakini mama yake hakuacha. Alichofanya ni kuihamisha lugha kutoka kwenye masomo na kuipeleka jikoni. Jumamosi wanapika pamoja, na jikoni hapasemwi lugha nyingine. Atakaye chumvi na aiombe kwa jina lake. Akipiga simu Tanga, kijana humweleza bibi yake alichopika na kilichoungua, naye bibi ana mengi ya kumsahihisha, kwa hiyo simu hairudishwi upesi.

Yule bibi wa Kitibeti hana njia ya kumpeleka mjukuu wake nyumbani alikozaliwa yeye. Sisi njia tunayo, ni nauli tu inayotusumbua. Hata hivyo alikuwa akikunja momo zake kwa utulivu, moja baada ya nyingine, na mtoto kando yake akiiga vidole vyake.

Mama, kwa upande wake, kila msimu wa maembe hutengeneza chupa mbili za achari: moja ya binti yake, na moja yenye pilipili kidogo, ya mjukuu.