Rangi Iliyomwagika Motokaani

Nanganga ndipo barabara itokayo Mingoyo kwenda Masasi inapoachana na zile za Ruangwa na Nachingwea. Mizigo mingi hupita hapo: korosho, ufuta, saruji. Mzigo wetu sisi waalimu ulikuwa rangi iliyonunuliwa kwa fedha za wazazi: ndoo ya rangi nyeupe ya maji kwa kuta, na mkebe wa rangi nyeusi ya mafuta kwa mbao za kuandikia. Motokaa iliingia shimoni, vifuniko vikafunguka. Nyeupe ikatapakaa sakafuni, nyeusi ikalowesha kiti cha nyuma.

Dereva alishika kichwa asiseme neno. Motokaa si yake, na kila jioni hupeleka hesabu kwa mwenyewe. Kwa kiti kile angeweza kunyang'anywa ufunguo.

Watu wa njia panda hawakosi mashauri. Mmoja alileta petroli katika chupa, mwingine akataka tumwage maji kila mahali. Petroli tuliikataa, kwa kuwa mvuke wake hujaa ndani ya motokaa, na cheche moja yatosha kuteketeza vyote. Wa maji alikuwa na haki nusu. Rangi ya maji hukauka maji yanapopaa, chembe zake zikashikamana, na zikiisha kushikamana maji hayaziyeyushi tena. Ile ya mafuta huvuta oksijeni ya hewa ikawa gamba; maji kwake ni kazi bure.

Basi tuliisukuma motokaa kivulini, tukafungua milango yote, maana jua la huko halimngojei mtu. Nyeusi tuliichota kwanza juu juu ili isizidi kuzama, kisha tukaigeukia nyeupe iliyokuwa ikikaza upesi. Tuliikomba kwa vipande vya boksi, toka kando kwenda katikati, na pale ambapo hatujafika tukafunika kitambaa kilicholowa. Kisha maji na sabuni, kwa kugandamiza kitambaa wala si kusugua. Kusugua huipeleka rangi chini ya zulia. Maji tuliyabadili hata tukaacha kuhesabu.

Kiti kilitushinda kidogo. Tulijaribu mafuta ya taa chini yake, mahali pasipoonekana, tukaona kitambaa hakichujuki. Ndipo tukatia machache katika tambara, tukagusa na kubadili upande, tena na tena, tukamaliza kwa sabuni. Tina hatukuithubutu, kwani huyeyusha plastiki. Matambara yenye rangi ya mafuta tuliyatia katika debe la maji, maana yakirundikwa huweza kupata moto yenyewe na kuwaka pasipo kiberiti. Jambo hili mafundi wengi hawalisemi.

Sakafu ilitakata. Kitini likabaki doa jeusi kadiri ya kiganja.

Jioni tulifuatana na dereva mpaka kwa mwenye motokaa, tukamweleza mambo yalivyokuwa. Mzee yule alilipapasa doa, akanusa vidole.

"Waalimu wangu, abiria wataniuliza kama nauza mafuta ya taa."

"Mzee, madirisha yakiwa wazi siku mbili tatu, harufu itakwisha."

Alimrudishia dereva ufunguo. Rangi nyeusi iliyosalia mkebeni ilitosha mbao mbili. Darasa la tatu bado laandika juu ya ubao uliopauka, na wazazi wamekwisha kuarifiwa.