Nauli ya Kwenda Kwenye Usaili

Katika familia moja ya Songea wapo watu watatu wenye shahada, na kila mmoja aliipata kazi kwa njia yake: baba, binti yake mkubwa na binti kitinda mimba. Ukiwasikiliza wakisimulia, utadhani wanazungumzia nchi tatu.

Baba alimaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa mwalimu wa hisabati. Hakusailiwa na mtu. Serikali iliyomsomesha ilimpangia kituo, akapewa barua, akaripoti. Maandalizi yake yote yalikuwa godoro, taa ya chemli na sanduku la nguo. Wakati ule msomi hakuitafuta kazi. Kazi ilikuwa ikimsubiri.

Kisha yakaja mageuzi ya uchumi. Ajira serikalini zikabanwa, na katika miaka ya 1990 mashirika ya umma yakaanza kubinafsishwa. Muongo uliofuata wasomi wakaongezeka kwa kasi: Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Dodoma kikafunguliwa mwaka 2007. Ni jambo la kushukuru kwamba watoto wa wakulima waliingia vyuoni kwa wingi kiasi hicho. Lakini walipotoka, hapakuwa tena na barua ya kupangiwa kituo.

Binti mkubwa alihitimu uhasibu katika kipindi hicho. Kwake, kujiandaa kulianza na safari. Kazi zilikuwa Dar es Salaam, kwa hiyo alipanda basi la alfajiri na kushinda njiani kutwa nzima, Njombe, Iringa, Morogoro, hadi kwa shangazi yake Temeke. Huko alitembea na bahasha ya kaki yenye nakala za vyeti zilizogongwa mhuri wa wakili, akisoma matangazo ya kazi magazetini na kuacha barua kwa walinzi wa getini. Kila nakala ilikuwa na bei, kila mhuri ulikuwa na bei, na daladala za kwenda Posta nazo zilitaka chao.

Alipoitwa kwenye usaili wa kwanza, nyumba nzima ilimsaidia. Jirani aliazimisha viatu. Shangazi alishughulikia adabu: "Mwanangu, ukiingia usikae mpaka uambiwe ukae." Swali lililowasumbua usiku ule lilikuwa la salamu. Mahojiano yangekuwa kwa Kiingereza, na kwenye jopo huenda kungekuwa na mzee wa rika la babu yake. Aamkie shikamoo, au aseme "good morning"? Aliamua kusema vyote viwili, shikamoo kwanza. Mjumbe mmoja alitabasamu, na woga ukampungua. Vijana wengi wamesimama mlangoni na swali hilohilo, na hakuna darasa la chuo kikuu lililowafundisha jibu.

Juni 2014 ndipo taifa zima lilipouona ukubwa wa jambo hili. Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70. Vijana zaidi ya 10,000 walifika kusailiwa, wakajaa kwenye majukwaa ya Uwanja wa Taifa. Kwa umati kama huo, maandalizi nayo yalibadilika. Kabla ya kufikiria utakavyojieleza mbele ya jopo, ilibidi ufikirie utakavyouvuka mchujo wa maandishi.

Kitinda mimba alisomea ualimu kama baba yake. Walimu walikuwa miongoni mwa watu wa mwisho kupangiwa vituo bila usaili, lakini Januari 2025 nao waliitwa: waliomba zaidi ya laki mbili, nafasi hazikufika 15,000. Maombi yake aliyatuma kwa simu, kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Hapo likazuka tatizo la majina, kwani cheti cha kuzaliwa kilikuwa na herufi moja tofauti na cheti cha kidato cha nne, ikambidi aape kiapo kwa wakili. Jioni alijifunza na wenzake kwenye kundi la WhatsApp, wakitumiana maswali na kusahihishana. Sebuleni, baba ambaye hakuwahi kusailiwa ndiye aliyekaa upande wa jopo, daftari mkononi, akimtaka afundishe hesabu za sehemu kwa watoto wa darasa la nne.

Kati ya mabadiliko yote, kubwa si simu wala kompyuta. Ni kwamba tangu mwaka 2024 Sekretarieti imekuwa ikiendesha usaili mikoani. Matangazo ya usaili kwa miaka mingi yamesema wazi kwamba msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Kwa mzazi wa Ruvuma, sentensi hiyo ilimaanisha kuuza mahindi ya akiba ili mtoto akakae saa moja chumbani Dodoma. Kitinda mimba aliamkia kitandani kwake, akanywa chai, akaenda kwa bodaboda.

Mwenzake wa kwenye kundi hakuwa na bahati hiyo. Alitoka Mbamba Bay, ng'ambo ya Mbinga, akalala Songea siku mbili kwa pesa ya kukopa. Usaili umeufikia mkoa. Haujafika wilayani kwake, Nyasa, na huko nako wapo walimu wanaosubiri kuitwa.