Keki ya Gari la Moshi
Msomaji, mwanao anataka keki ya gari la moshi na bei ya dukani imekushinda? Mpeleke kwanza kwenye Makumbusho ya Reli, Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Apande injini kuukuu, ahesabu magurudumu, aone behewa ambamo simba alimnyakua afisa wa polisi Charles Ryall huko Kima mwaka 1900.

Kisha rudini jikoni. Huna oveni? Tandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa, injika jikoni, tia sufuria ndogo ya keki, funika, uweke makaa machache juu. Ikipoa, ikate mabehewa. Biskuti za duara ndizo magurudumu. Palipopasuka, paka siagi iliyokorogwa na aisingi. Mwachie mtoto kazi ya kupaka: gari ni lake.