Mama wa Morogoro na laptop yangu ‘isiyo na kipengele’

Kama umewahi kuuza kitu chako mtandaoni, iwe simu, redio, televisheni au hata pasi, basi vuta kiti ukae. Leo yamenikuta mwenyewe na nayaanika hadharani. Na kama hujawahi kuuza, ipo siku njaa itakubana utauza tu, kwa hiyo usikimbilie ukurasa wa michezo.

Ilikuwa Ijumaa jioni. Niko zangu kijiweni Sinza na washkaji, kahawa mkononi, tunabishana mambo ya Simba na Yanga. Simu ikalia mlio wa ujumbe. Nikafungua: “Hujambo mwanangu. Ile kompyuta nikichomoa waya inazima baada ya dakika ishirini. Binti anaanza chuo Jumatatu. Tufanyeje?”

Kahawa ikageuka shubiri.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Wiki moja kabla, kodi ya nyumba ilikuwa imenikaba koo. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshaanza kupita dirishani asubuhi akijidai anafagia uwanja. Nikaangalia ndani kwangu nini kinauzika, nikaona laptop. Nikaifuta vumbi, nikaipiga picha nne za nguvu, nikaitupia mtandaoni na maneno haya: “Laptop bomba, imetumika kidogo, betri inakaa, haina kipengele. 350,000/-, maelewano yapo.”

Hiyo ‘kidogo’, msomaji, ni miaka minne. Na mimi mwenyewe niliinunua ikiwa used!

Siku ya pili akanipigia mama mmoja wa Kihonda, Morogoro. Sauti ya upole, maneno machache. Hela yenyewe alikuwa ameikusanya kwenye kikoba chao cha akina mama. Hakuomba hata kupunguziwa. Akaniuliza swali moja tu: “Betri inakaa kweli mwanangu? Maana kwetu umeme unakatikakatika.” Nikamjibu bila kupepesa: “Inakaa mama, wala usiwe na wasiwasi.” Akanitumia pesa yote kwenye simu, nami nikaufunga mzigo, nikaupeleka stendi ya Mbezi, ukapanda basi. Kodi ikalipwa, mama mwenye nyumba akaacha kufagia.

Sasa turudi kijiweni. Nilipousoma ule ujumbe, unadhani nilifanya nini? Nilichuna. Nikairudisha simu mfukoni kama sijaona kitu, wakati tiki za bluu zimeshaniumbua kwamba nimesoma.

Usiku akaandika tena: “Mwanangu, uliona ujumbe wangu?” Hapo nikapandisha. Nikamjibu kwamba mimi niliituma ikiwa nzima, na kitu cha mtumba kikishatoka mkononi hakirudi. Kichwani kukawa na jambo baya zaidi. Betri ya laptop ile ni ya kuchomoa kwa chini. Nikaanza kujiambia kwamba huyu mama ana fundi wake huko, wamenichomolea betri yangu nzima wakaweka kimeo, sasa wanataka kuniingiza mjini.

Jumamosi nikawapelekea washkaji kesi. Hukumu ikatoka hapo hapo: “Mbloku! Morogoro na hapa kilomita karibu mia mbili, atakupata wapi?” Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini kicheko kilikuwa cha mdomoni tu.

Nyumbani nako hapakuwa na nafuu. Mama watoto aliponisikia nikilalamika kwamba nimebadilishiwa betri, aliacha kukuna nazi akanitazama. “Baba watoto, laptop gani hiyo inayokaa na chaji? Si hii tuliyokuwa tunaitumia na waya mwaka mzima? Ile siku waya uliponasa mguuni mwa mtoto, si ilizima ukapoteza kazi yako yote?”

Nikanyamaza. Maana ni kweli. Sikuwa nimesahau, nilikuwa nimejisahaulisha.

Hata hivyo, sikumjibu yule mama. Kiburi kibaya, ndugu yangu! Nikasema nitalala kwanza.

Jumapili asubuhi ikaingia sauti yake, sekunde kama arobaini hivi. Nikajua haya ndiyo matusi, nikatoka nje ili watoto wasisikie. Akasema hivi: “Mwanangu, hujambo na familia. Kuna jambo jingine. Humu ndani umeacha makaratasi yako. Kuna cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kuna ya benki, na picha za nyumbani kwako. Nimemkataza binti asifungue. Kama una flash mtu akuletee, au utuelekeze tuyatume halafu tuyafute. Haya, siku njema.”

Niliishiwa nguvu nikakaa juu ya ndoo. Yaani mimi niko huku namfikiria huyu mama ni tapeli, kumbe yeye ameyashika maisha yangu yote mkononi na anayalinda! Taarifa za benki, vyeti, picha za mke wangu... Angekuwa mtu wa aina niliyokuwa namdhania, saa ile ningekuwa nalia kilio kingine. Na neno la betri hakulitaja hata kidogo.

Nikapiga simu. Siyo ujumbe, nilipiga.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu.”

“Mama, naomba radhi. Ile betri ilikuwa mbovu tangu kwangu. Nilijua, sikukuambia.”

Kimya. Nikasikia jogoo kule Kihonda. Kisha akasema: “Sasa si umesema. Tufanyeje?”

Hapo ndipo nililiona lile neno. Tangu Ijumaa alikuwa akisema “tufanyeje”, siyo “nirudishie hela yangu, mwizi wewe”. Ugomvi niliuanzisha mimi peke yangu.

Tukaanza kazi. Nikamwomba binti apige picha betri pande zote mbili. Picha ikaja, na ubavuni nikaiona stika ya katuni aliyoibandika mwanangu wa kwanza. Betri ile ile yangu. Aibu nyingine hiyo! Nikamwelekeza aandike kwenye kile kidirisha cheusi cha amri cha Windows: powercfg /batteryreport. Kompyuta ikatoa ripoti ya betri yenyewe. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na uwezo wa kubeba 48,000, na sasa hata ikijaa kabisa inaishia 9,000. Haifiki hata robo. Dakika ishirini alizosema mama zilikuwa za haki tupu. Na ripoti hiyo ningeweza kuitoa mwenyewe kabla ya kuuza, kwa dakika moja, bila gharama yoyote.

Jumatatu mapema nikazama Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa fundi ninayemfahamu. Nikamwonyesha picha, akasoma namba zilizoandikwa mgongoni mwa betri. Akaniambia betri hizi za lithiamu huchoshwa na kuchajiwa mara nyingi na huchoshwa na joto. “Wewe umeichomeka mwaka mzima, imejaa muda wote, halafu unaitumia juu ya godoro inakosa hewa. Umeibanika polepole kama mshikaki.” Betri nyingine, 65,000/-.

Sikuinunua palepale. Nilimpigia mama kwanza, nikamwekea njia tatu mezani: airudishe laptop kwa gharama yangu nimpe pesa yake, ingawa kwa awamu maana ilikwenda kwenye kodi. Au nimpunguzie 65,000/- atafute betri mwenyewe. Au nimnunulie na kumtumia. Akachagua ya tatu, kwa sababu binti alitaka kuanza na kompyuta, siyo na hela ya kompyuta. Tulivyokubaliana nikamwandikia kwa ujumbe: betri ipi, inafika lini, na kwamba isipofanya kazi ndani ya wiki mbili ni juu yangu. Jioni mzigo ukapanda basi.

Halafu tukashughulikia makaratasi yangu. Wakanitumia, wakafuta, na nikabadilisha nywila zote usiku ule ule. Si kwa kutomwamini mama, bali kwa kutojiamini mwenyewe.

Washkaji kijiweni waliniona bwege. “Sheria gani inakubana kwa kitu cha mtumba?” Nikawaambia ipo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo yake. Kama ningeandika “betri mbovu, inatumika na waya”, mama angenunua akijua, na leo nisingekuwa na deni. Lakini niliandika “betri inakaa”. Neno langu ndilo lililonifunga, siyo ubovu wa kitu. Kitu cha mtumba kina haki ya kuwa na ubovu wake. Muuzaji hana haki ya kuuficha.

Kwa hiyo, wewe unayeuza simu yako kesho, nikuambie nilichonunua kwa 65,000/- na nauli ya mzigo. Malalamiko yakija, jibu siku hiyo hiyo, hata kama ni kusema “nimeona, nipe mpaka kesho asubuhi”. Kimya ndicho kinachomfanya mtu akuite tapeli. Usibishane kwa maandishi, piga simu usikie sauti ya binadamu. Omba picha au video kabla ya kumshuku mtu. Na kabla hujafunga mzigo, piga picha namba za kifaa. Kama ni simu, bonyeza *#06# uandike ile namba ya IMEI pembeni, hapo hakuna atakayebadilishiana maneno na wewe kuhusu kipi ni kipi. Toka kwenye akaunti zako, futa vitu vyako. Si kila mnunuzi ni mama wa Kihonda.

Jumatano saa nne asubuhi ujumbe ukaingia: “Imefika. Imekaa masaa matatu na bado. Asante mwanangu, Mungu akuongezee.” Nilimwonyesha mama watoto. Akausoma mara mbili, akanirudishia simu, akasema, “Umeona?” Hakuongeza neno, na mimi sikuhitaji la pili.

Sasa kasheshe imebaki moja. Ile 65,000/- niliitoa kwenye hela ya umeme na maji ya mwezi huu, na jana jioni mama mwenye nyumba ameonekana tena na ufagio wake chini ya dirisha langu. Safari hii sikuchuna. Nilitoka nje, nikampa shikamoo, nikamweleza yote tangu mwanzo na siku nitakayolipa.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Hivyo unasema una fundi wa betri? Hii simu yangu nayo haikai na chaji.”