Masurufu ya Safari ya Maulidi

Zama hizo watu wengi wa Mombasa walikwenda Maulidi ya Lamu kwa jahazi. Mfungo Sita ukiangukia kusi, chombo kilitweka tanga Bandari ya Kale, upepo ukakisukuma kutoka tezi mpaka Shela. Masurufu yalikuwa mikononi mwa bibi yangu mzaa mama.

Siku nyingi kabla ya safari alipita nyumba kwa nyumba. Hakumuuliza mtu ana nini. Alimwambia alete nini. Huyu mchele, yule papa mkavu, mwingine nazi, tena zije nzima, maana ikishavunjwa haifiki kesho. Mahamri aliyaruhusu kwa siku ya kwanza tu. Alichokipigania ni tende na mikate ya mofa, vyakula visivyotaka moto wala maji. Jiko lilikuwa sanduku la mchanga huko omo, na bahari ikichafuka mpishi huzima kuni zake, watu wakalala hivyo hivyo.

Maji ndiyo yaliyotawala hesabu yote. Pipa lilifungwa kamba mlingotini, kata ikining'inia juu yake, na hakuna aliyeigusa bila idhini ya nahodha. Mchele ulioshwa kwa maji ya bahari, kisha ukapikwa kwa ya pipa, yakachanganywa na ya bahari kidogo. Chumvi yake ndiyo hiyo. Sijala wali uliopikwa kwa akili kuliko ule.

Safari moja upepo ulitulalia Ghuba ya Ungama, tanga likanyong'onyea. Nahodha akauliza, "Mama, tuna nini?" Bibi akajibu bila kufungua kikapu: tende za siku mbili, mofa za siku moja. Tangu hapo kata ilianzia kwa mama anyonyeshaye, kisha watoto, kisha wazee. Mabaharia walikunywa mwisho, na kazi nzito yote ilikuwa yao. Bwana mmoja alikuwa ameficha halua chini ya mkeka wake. Bibi alijua, hakumsema. Alimsogezea sinia, tende zake sawasawa na za wenzake. Jioni halua ile ilikuwa katikati ya sinia, kila mtu akapata tonge.

Tuliposhuka Lamu hakumrudishia mtu alichokileta. Mchele na nazi zilizobaki zilikwenda kwa wapishi wa Maulidi, karibu na Msikiti wa Riyadha, naye akaanza kuulizia bei ya papa sokoni, kwani kurudi Mombasa tungekuwa tunabisha, na siku za baharini zingekuwa nyingi zaidi.